Kila Mmoja Nilimwambia Ataanza

Wiki iliyopita mliniacha stesheni ya Mpanda nimeshika kipande cha boksi chenye jina la Maiko, nampokea mchezaji ambaye sikumwomba. Msomaji mmoja akanitumia ujumbe: kocha, acha kulialia, wenzako wanatafuta wachezaji kwa tochi. Nimeusoma ujumbe wake. Namwomba asome na ya leo, kisha aniambie kama bado ana la kusema.

Kwa anayenikuta leo, mimi naitwa Zefania. Ni fundi cherehani, nashona sare za shule pale soko la Kashaulili. Jioni nafundisha timu ya mpira wa kikapu inaitwa Shanwe Stars. Kwa miaka mingi tulikuwa na wachezaji sita, na mmoja wao ana pumu. Tulifungwa na kila aliyetaka kutufunga, na mimi nililala usingizi mzuri.

Mwenye wachezaji sita hana mawazo. Watano wanaingia, wa sita anashika chupa za maji, na kocha anakunja mikono kama mtu anayejua anachofanya.

Kisha akaja Mzee Amedeus.

Huyu mzee ana mashine za kukoboa mpunga, kule Mpimbwe na hapa mjini. Alikwenda harusini Sumbawanga, akaketi meza moja na watu walioicheka timu ya Mpanda mpaka soda zikawatoka puani. Alirudi na hasira. Akaanza kuleta wachezaji kama anavyoleta magunia: hawa kutoka Kigoma, wale kutoka Tabora, na mwisho Maiko wa Mwanza, ambaye kwenye bajaji ilibidi magoti yake yasafiri nje.

Mzee Amedeus anasema hagombei chochote. Hapa kwetu mtu akisema hivyo kabla hajaulizwa, watu wanaanza kumwita mheshimiwa.

Basi nikajikuta na watu kumi na wawili, na wote wanajua mpira. Watu wakanipongeza barabarani. Hakuna aliyeniuliza nitawaweka wapi, maana uwanjani bado wanaingia watano.

Tena mchezaji wa Mpanda haji peke yake, anakuja na mwenyewe, yaani mtu wa kumsemea. Maiko alikuwa wa Mzee Amedeus. Osward, kijana mwenye mkono mzuri wa kurusha, ni mtoto wa Mama Verdiana, na Mama Verdiana ndiye mwenye nyumba ninayokaa kule Shanwe. Josephat ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu Restituta.

Ngolo peke yake hakuwa na wa kumsemea. Ngolo ni nahodha wetu, daktari wa mifugo wa halmashauri. Tulipokuwa sita alikuwa anakuja mazoezini na buti zake za kuogeshea ng'ombe, ananuka dawa, na anafunga nusu ya vikapu vyote. Watu walipotaka nitolewe ukocha, yeye ndiye alisimama akanisemea.

Kombe lenyewe linaitwa Kombe la Nyanda, na mwaka huu lilichezewa nyumbani kwetu. Nusu fainali ilikuwa Jumamosi asubuhi, sisi na Sumbawanga. Wale wale wa harusini. Atakayeshinda anakutana na Tabora Jumapili, fainali.

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Jumatatu nilipata wazo, nikaliona ni wazo la mtu mwenye akili. Niliamua kumwita kila mchezaji pembeni na kumwambia kwamba Jumamosi ataanza. Halafu namwambia asimweleze mtu, maana ni mbinu, na adui ana masikio mpaka sokoni.

Josephat nilimwambia nikimpima suruali. Osward nilimwambia bombani, tukisubiri ndoo zijae. Maiko nilimwambia ndani ya bajaji, nikaongeza kwamba timu yote nimeijenga juu yake. Wale wa Kigoma na wa Tabora niliwaambia mmoja mmoja, huyu dukani, yule nje ya kanisa. Kila mmoja alinishika mkono kwa mikono miwili.

Ngolo nilimwacha mwisho. Nilimkuta nje ya ofisi yake anapanga chanjo kwenye boksi la barafu. Kabla sijasema kitu, akasema mwenyewe kwamba magoti yake siku hizi ni ya kubahatisha, na kama nina watu wazuri zaidi nisimwonee haya.

Hapo mlango ulikuwa wazi. Mtu mwingine angepita. Mimi nikamwambia, "Ngolo, wewe ndiye wa kwanza kichwani mwangu, kabla ya hao wote."

Akacheka kama aliyepewa mtoto wa kiume. Nikaondoka najisikia mtu mwema.

Mazoezi ya wiki ile sijapata kuyaona maishani. Watu walikimbia kama wanafukuzwa na tembo. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyenuna, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa huruma, maana alijua mwenzake atakaa benchi na bado hajaambiwa.

Redio ya hapa mjini ikaniita studio kueleza namna ya kusimamia kikosi kipana. Nikasema siri ni mawasiliano. Nikasema kocha lazima azungumze na kila mchezaji. Baadaye niliambiwa Mzee Amedeus alizima mashine ya kukoboa ili wateja wote wanisikie.

Jumamosi ikafika.

Uwanja wetu wa saruji ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta na juu ya matanki ya pikipiki. Mzee Amedeus alikuwa mbele kwenye kiti cha plastiki, kofia kichwani. Mama Verdiana alikuja na mwavuli na wenzake wote wa kikoba. Restituta alivaa gauni lile la Pasaka, akakaa nyuma yangu kabisa, karibu kiasi cha kunisikia nikimeza mate.

Refa alikuwa dada mmoja mwembamba kutoka Kigoma, anaitwa Glory. Akapuliza filimbi, timu ziingie.

Sumbawanga wakaingia watano.

Wa kwetu wakavua traksuti, wakazikunja vizuri, wakaingia wote kumi na wawili.

Hakuna aliyeshangaa mwanzoni. Kila mmoja alidhani wenzake wanamsindikiza. Wakasimama pale kati, wanapeana mikono, wanatakiana heri. Kisha ukimya ukaanza kuwaingia kidogo kidogo. Nikaona Josephat anamtazama Osward miguuni, Osward anamtazama Maiko, na Maiko akageuza shingo ndefu ile akanitazama mimi.

Glory akaja mpaka kwenye mstari. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Kocha," akasema, "huu mchezo ni wa watu watano. Hao wengine nani kawaita?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mbele kofia ya Mzee Amedeus, kushoto mwavuli wa Mama Verdiana, nyuma pumzi za Restituta. Nikitaja watano, saba watajua mimi ni mwongo, na wenyewe wa hao saba watajua pamoja nao.

Nikafanya kile ambacho mpaka leo nikikumbuka natamani kuhamia Kaliua. Nikamwambia Ngolo, "Nahodha, panga."

Ngolo alinitazama. Sidhani alikuwa na hasira. Alinitazama kama anavyotazama ng'ombe aliyeletwa kliniki akiwa amechelewa. Kisha akageuka, akataja watano: wawili wa Kigoma, wawili wa Tabora, na yule mwenzetu wa zamani mwenye pumu. Hakumtaja Maiko. Hakumtaja Osward wala Josephat. Hakujitaja yeye. Wakatoka, naye akatoka nao, akaenda kukaa mwisho wa benchi.

Nilijua tumekwisha.

Hatukwisha. Wale watano hawakuwa na nyota hata mmoja, kwa hiyo kila mmoja alikimbia na kurudi kukaba. Sumbawanga walikuwa na wachezaji saba tu. Robo ya pili Ngolo akanong'ona nimwingize Maiko. Nikamwingiza. Maiko akaingia na miguu mibichi dhidi ya watu waliokwisha kulainika kama mhogo wa kuchemsha, na akawafanya alivyotaka. Ngolo mwenyewe aliingia mwishoni, dakika chache, kupoza vichwa vya vijana. Osward aliingia, akarusha mara mbili, mpira ukapita mbali. Josephat hakuingia kabisa.

Tukashinda kwa tofauti ambayo ningeona haya kuitaja kama wangekuwa watu wengine, lakini walikuwa Sumbawanga.

Filimbi ya mwisho ilipolia, yule mtangazaji wa redio akanikimbilia na simu yake. Akasema taifa linataka kujua, ile mbinu ya kuingiza watu kumi na wawili kumchanganya adui niliipata wapi. Akasema ni vita ya saikolojia.

Ningeweza kumwambia ukweli. Watu walikuwa wamenizunguka, wananipigapiga mabegani.

Nikasema tuliipanga tangu Jumatatu.

Na kweli, ukiangalia vizuri, ilianza Jumatatu.

Nilirudi nyumbani nikiwa shujaa wa mkoa. Kwenye ua nikakuta mlango wa choo una kufuli jipya. Mama Verdiana alikuwa kibarazani anapepeta mchele. Hakugombana na mimi. Alisema tu kwamba choo kimeanza kuchoka, na kama wachezaji wa timu, nacho sasa kinapumzishwa benchi.

Ndani Restituta aliniwekea ugali mezani. Peke yake. Nikangoja mboga, haikuja. Nikauliza kwa upole.

"Mboga ulizigawa uwanjani," akasema. "Kaombe kwa wale watano."

Nikamweleza kwamba aliyepanga ni Ngolo, siyo mimi. Akasema hilo ndilo lililomuuma zaidi. Afadhali mdogo wake angeachwa na mimi mwenyewe, kuliko kuachwa na mtu aliyeachiwa kazi isiyo yake. Kisha akaenda zake kwa Mama Verdiana, ambaye mpaka juzi walikuwa hawasalimiani.

Nilikuwa bado natazama ule ugali gari la Mzee Amedeus liliposimama nje.

Hakuingia. Aliniita kwenye dirisha la gari, akasema amesikia nikijisifu redioni na amefurahi, sifa za kocha ni sifa za timu. Lakini yeye amezeeka kwenye mizani, akasema, na mtu aliyezeeka kwenye mizani hamtazami msemaji, anatazama mkono. Ameona aliyetaja majina.

"Gari haliendeshwi na watu wawili," akasema. "Ngolo kesho asivae jezi. Kamwambie wewe, ni mtu wako."

Nikauliza kama ni lazima. Akasema Ngolo amezeeka, amechoka, na fainali siyo siku ya kupeana asante. Akawasha gari.

Hapa sijifichi. Kinywa changu kilikuwa na maneno mengi mazuri kuhusu Ngolo na miaka yetu. Yaliyotoka ni mawili.

"Sawa, mzee."

Nikapanda bodaboda kwenda kwa Ngolo. Njia nzima nilipanga namna ya kusema. Kwanza nitamwambia kamati imeshauri. Halafu nikaona hapana, nitamwambia nataka awe msaidizi wangu. Mwisho nikaona nimwambie anapumzishwa kwa heshima, ingawa sijui mtu anapumzishwaje kwa heshima bila kumwuliza kama amechoka.

Nilipofika mlangoni nikakuta viatu. Viatu vikubwa vya michezo, vimepangwa pea kwa pea mpaka ukumbi wote umejaa. Ndani watu walikuwa wanacheka kicheko cha kushika mbavu.

Nikabisha hodi. Kicheko kikakatika.

Walikuwa wote. Mke wa Ngolo alikuwa amewapikia wali na samaki wa Tanganyika, wanakula kwenye masinia mawili. Ngolo akanikaribisha, akanisogezea nafasi kwenye mkeka, akasema nimefika wakati mzuri, walikuwa wananiongelea.

Wakaendelea mbele yangu. Mmoja akasema yeye aliambiwa dukani. Mwingine akasema yeye nje ya kanisa, na mikono yangu nilikuwa nimeiweka kifuani. Josephat akasema yeye aliambiwa akiwa hana suruali. Wakacheka tena, na mimi nikajaribu kucheka nao, nikaona hakuna aliyenialika kwenye kicheko kile.

Maiko peke yake hakucheka. Alikuwa ameegemea ukuta, miguu yake imefika katikati ya chumba.

"Kocha, mimi benchi nimelikaa sana Mwanza, silihofii," akasema. "Ila niambiwe usoni. Usinipe utamu ukanificha shubiri."

Wakaacha kula, wakangoja.

Sikuwa nimejiandaa. Pengine ndiyo maana nilisema kweli. Nilisimama katikati ya yale masinia na nikaanza na shemeji yangu, maana nilijua nikianza na mwingine nitaishia hapo hapo. Nikamwambia Josephat kwamba kesho haanzi, na huenda asicheze, kwa sababu akifunga kikapu anabaki kushangilia wakati mpinzani anakimbia kwenda kufunga kwetu. Siku atakayorudi kukaba, atacheza. Akainamisha kichwa. Kisha akasema dada yake pia humwambia hivyo hivyo.

Nikamwambia Osward kwamba mkono wake ni mzuri kuliko wa wote, lakini anarusha kwa ajili ya mwavuli wa mama yake. Kesho ataingia robo ya tatu, na asitazame jukwaani. Akasema mama yake, baada ya choo, atafunga na jiko. Nikamwambia afunge.

Nikamwambia Maiko kwamba haanzi. Nikamweleza kwamba akianza, wenzake wanasimama kumtazama kama sinema, na akiingia wakati Tabora wamechoka hakuna wa kumshika. Nikamwambia Mzee Amedeus atakasirika na hilo nitalibeba mimi. Alifikiri, akavuta miguu yake, akakaa vizuri.

"Hiyo sawa," akasema. "Mbona ilikuwa rahisi hivyo?"



Nikaenda hivyo mmoja baada ya mwingine. Kuna aliyebishana, kuna aliyenuna na kugeukia dirishani, na mmoja wa Tabora aliniambia mimi ni kocha wa hovyo lakini leo walau nimesema. Nilitokwa jasho kama niliyelima heka nzima. Lakini ilipofika mwisho walikuwa wameanza kula tena, na mmoja akanipa kijiko.

Akabaki Ngolo.

Nikamwambia kwamba siku ile nje ya ofisi yake alinifungulia mlango, nami nikaogopa kupita. Nikamwambia hataanza, magoti hayamruhusu na sote tunajua. Ataingia robo ya mwisho, kama leo, vijana wakianza kugombana na mpira.

Ngolo alitazama mikono yake. Miaka yote ile alikuwa ndiye anayeruka mpira wa kwanza, na sasa anaambiwa mbele ya mkewe, nyumbani kwake, na mtu anayekula wali wake.

"Robo ya mwisho inanitosha," akasema. "Nashukuru umeniambia wewe mwenyewe."

Akanipa mkono. Vijana wakapiga makofi kidogo, ya haya.

Lile la jezi sikulitaja.

Nilijiambia hakuna haja. Nilijiambia asubuhi na mapema nitamfuata Mzee Amedeus mashineni, nimwambie Ngolo anavaa, na yeye akitaka anitoe mimi. Nililisema moyoni kwa sauti ya ujasiri kabisa. Nikajimegea samaki.

Honi ikalia nje.

Mzee Amedeus aliingia bila kuvua viatu, anatabasamu, akafurahi kukuta timu yote pamoja, akasema huu ndio umoja anaoutaka. Nyuma yake akainama mtu mlangoni, akainama tena, na alipojinyoosha ndani Maiko aliinua macho kumtazama. Sikuwahi kumwona Maiko akiinua macho.

"Huyu ni Kasimiri," akasema Mzee Amedeus. "Ameshuka kwenye basi sasa hivi. Kamati nimeshamalizana nao."

Kombe letu linaruhusu wachezaji kumi na wawili tu. Akiingia mmoja, mmoja anatoka. Kila mtu pale ndani alilijua hilo, na nikaona macho yanaanza kuhesabu.

Mzee Amedeus akatoa jezi kwenye mfuko wa plastiki, ule anaokusanyia jezi baada ya mechi. Namba nne. Niliishona mimi kwa mkono wangu, na tangu niishone haijavaliwa na mtu mwingine ila Ngolo. Akamkabidhi yule mrefu, naye akaipima kifuani.

Kisha akanigeukia mimi, bado anatabasamu.

"Kocha, si umeshamwambia Ngolo?"

Ngolo akaweka kijiko chini.

"Kuniambia nini?"